Kuutambua mti wa mtaani Dar es Salaam: jani kwanza, tunda la pili, gome mwisho

Mwembechai, Mkwajuni, Mivinjeni, Mikocheni. Jiji limeipa mitaa na vituo vyake majina ya miti, na bado mwarobaini na mjohoro iliyosimama ubavu kwa ubavu barabarani huitwa kwa jina moja. Kosa linaanzia kwenye shina. Mtu hulitazama shina kwanza, kumbe mashina ya mjini yamekatwa, yamepigwa chokaa na kupigiliwa misumari ya matangazo, na yanapoteza sura yake. Anza na jani, hakiki kwa tunda, gome liwe la mwisho.

Hatua ya 1: Chuma jani zima

Beba rula ya sentimita 30, penseli, gazeti la zamani na simu yenye kamera. Chuma majani 3 yaliyokomaa kutoka matawi tofauti, kila moja na kipande cha kitawi lilichoshikia. Achana na machipukizi yanayotoka kwenye kisiki au shinani. Majani yake mara nyingi ni makubwa kupita kawaida na umbo lake linapotosha. Mti ukiwa uani kwa mtu, piga hodi uombe. Matawi yakiwa juu sana, okota yaliyoanguka, ila hakikisha yanafanana na yaliyo juu, maana upepo wa bahari huleta majani ya mti wa jirani.

Tahadhari moja kabla hujaenda mbali. Ukikuta ua wa vijiti vya kijani vinene kama penseli, visivyo na majani ya kuonekana, huo ni mnyaa. Usiuvunje. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya.

Hatua ya 2: Tafuta jani linapoanzia

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo usiharakishe. Kile kipande cha ukubwa wa kidole unachokiona kwenye mwarobaini si jani. Ni kijijani, yaani sehemu ya jani. Jani lenyewe ni ufito wote, wenye sentimita 20 hadi 40, pamoja na vijijani vyake vyote.

Utajuaje? Fuata kikonyo kurudi nyuma mpaka kinapoungana na kitawi. Kwapani mwa jani halisi kuna kichipukizi, mara nyingine kidogo kama punje ya mtama. Kwapani mwa kijijani hakuna kitu. Ukishalipata jani lako, jiulize: ni bapa moja? Ni ufito wenye vijijani pande mbili? Ufito huo nao umegawanyika tena kuwa fito ndogo? Au vijijani vyote vinatoka mahali pamoja, kama vidole kiganjani? Jibu la swali hilo pekee linaondoa zaidi ya nusu ya miti inayokuchanganya.

Hatua ya 3: Majani ya ufito

Mwarobaini: vijijani vimepinda kama mundu, ukingo wake una meno ya msumeno, na kitako chake hakilingani, upande mmoja uko chini kuliko mwingine. Tafuna kipande kidogo uteme. Uchungu wake hubaki mdomoni. Tunda ni la mviringo mrefu, karibu sentimita 2, kijani likigeuka njano, na ndani lina kokwa moja.

Mjohoro: vijijani vina ukingo laini kabisa bila meno, ncha ya duara, na katikati ya ncha hiyo kuna kidoa kilichobonyea chenye unywele mfupi. Pitisha kidole utausikia. Maua ni ya njano, yamesimama wima mwishoni mwa matawi, na maganda ni bapa, sentimita 15 hadi 30, yananing'inia kwa mafungu. Kwa hiyo meno ni mwarobaini, ukingo laini ni mjohoro. Hukumu hiyo haihitaji kulitazama shina hata kidogo.

Sasa jihadhari na ndugu wa mwarobaini, mmelia. Nao una vijijani vyenye meno, lakini ufito wake umegawanyika mara mbili, na maua yake ni ya zambarau hafifu. Matunda yake ni madonge ya njano yanayobaki mtini hata majani yakipukutika, na ni sumu kwa mtu akiyala. Anayechuma mwarobaini kwa ajili ya dawa bila kuuangalia mgawanyiko wa ufito anajihatarisha.

Mkwaju na mkrismasi huchanganywa kwa sababu vijijani vya yote miwili ni vidogo, kama sentimita 1 au 2. Mkwaju umegawanyika mara moja tu: ufito mmoja mfupi, jozi 10 hadi 18. Onja kijijani, ni kichachu. Mkrismasi umegawanyika mara mbili, na jani moja linaweza kufikia nusu mita na zaidi kidogo. Mkrismasi usipokuwa na maua mekundu ya mwisho wa mwaka, inua macho uone maganda yake: meusi, magumu kama ubao, hadi sentimita 60, yanayoning'inia miezi mingi baada ya maua kwisha.

Hatua ya 4: Majani ya kiganja

Mbuyu na msufi. Msufi una shina lililonyooka na matawi yanayotoka kwa ngazi, ukiwa mchanga mara nyingi una miiba minene shinani, na ganda lake likipasuka hutoa sufi. Mbuyu una gome laini la kijivu lenye mikunjo na tunda lenye vinyweleo kama mahameli. Mche wa mbuyu huwadanganya hata wenye uzoefu: majani yake ya kwanza ni bapa moja moja, si kiganja. Na wakati wa kiangazi yote miwili hupukutisha majani, hapo tunda na shina ndivyo vya kutegemea.

Hatua ya 5: Majani ya bapa moja

Angalia kwanza kama yanakabiliana au yanapishana kwenye kitawi. Yanayokabiliana: mpera, mishipa imechomoza nyuma ya jani na gome linabanduka vipande vyembamba likiacha shina laini, mzambarau, jani linalong'aa lenye mshipa mwembamba unaofuata ukingo wote, na mtondoo wa pwani, mishipa myembamba iliyosongamana kama meno ya kitana, na tunda la duara.

Yasiyokabiliana: fikicha jani la mwembe vidoleni, litanuka embe bichi. Mwashoki, ule mrefu mwembamba wa kwenye kuta za nyumba, una jani jembamba lenye ukingo wa mawimbi na halina harufu hiyo. Mkungu hauhitaji hata kuguswa: matawi yamelala kwa ghorofa, majani mapana yamekusanyika ncha za vitawi, na kabla ya kuanguka hugeuka mekundu. Tunda lake ni bapa, lenye ukingo mkali pembeni, sentimita 5 hadi 7.

Mvinje nao una mtego wake. Zile sindano si majani, ni vitawi. Shika kimoja ukivute: kinaachana kwenye pingili, na penye pingili kuna meno madogo mno, ambayo ndiyo majani yenyewe. Sindano ya msonobari haiachani hivyo.

Hatua ya 6: Gome, kwa masharti

Tazama juu ya mstari wa chokaa, upande ambao haujachanjwa. Miarobaini mingi ina makovu ya panga ya watafuta dawa, na gome lililoota upya juu ya kovu halifanani na la asili. Tafadhali usiongeze kovu jingine kwa ajili ya kutambua tu. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, chakula kinachotengenezwa na majani hakifiki mizizini, na mti hufa.

Hatua ya 7: Hifadhi ushahidi

Piga picha 5: mti mzima, shina, mgongo wa jani, kwapa la jani, na tunda pembeni ya rula. Kisha laza jani katikati ya gazeti, weka matofali mawili juu, na badilisha gazeti kila siku kwa siku 5 hadi 7. Wakati wa masika badilisha asubuhi na jioni. Unyevu wa Dar es Salaam huleta ukungu haraka, na jani lililoota ukungu hupoteza rangi na vinyweleo unavyovihitaji. Pembeni andika tarehe, mtaa, harufu na rangi ya ua, kwa penseli, kwani wino wa kalamu husambaa karatasi ikilowa. Ukishindwa kabisa, jani lililokaushwa hivi pamoja na tunda lake ndilo litakalomwezesha mtaalamu wa mimea kukujibu, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, wanakohifadhi mimea iliyokaushwa.