Kompyuta kuukuu inapogoma kubuti Linux: tafuta kwanza imesimama wapi

Kompyuta nyingi za mezani zinazoletwa kwa mafundi hapa Moshi ni za mitumba. Zilitumika ofisini ughaibuni, zikaja huku, zikafanya kazi tena dukani au shuleni hadi Windows ikazilemea. Linux huzirudisha kazini, lakini mara nyingi usakinishaji hukwama mapema, na mwenye kompyuta hurudia kusakinisha upya bila kupata matokeo tofauti. Kubuti, yaani kuwaka hadi mfumo uanze, hupita vituo kadhaa kwa mpangilio: BIOS (programu iliyo kwenye bodi ya kompyuta), kisha GRUB (programu inayoita Linux), kisha kerneli (kiini cha Linux), kisha patisheni, yaani sehemu ya diski, yenye mfumo. Ujumbe ulio kwenye skrini hueleza ni kituo kipi kimeshindwa, kwa hiyo upige picha kwa simu kabla hujagusa chochote.

Hatua ya 1: Kagua faili na flashi

Skrini ikiandika "No bootable device" au "Operating system not found" huku flashi ikiwa imechomekwa, anza na flashi yenyewe. Kunakili faili ya ISO (faili moja yenye kisakinishi cha Linux) kwenye flashi kama unavyonakili picha hakutoshi. Ni lazima iandikwe kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Kabla ya kuiandika, hakikisha faili imeshuka nzima, hasa kama uliipakua kwa bando la simu na mtandao ukakatika katikati. Kwenye Linux andika sha256sum ikifuatiwa na jina la faili, na kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Linganisha jibu na namba iliyochapishwa na watengenezaji wa toleo hilo la Linux. Ukaguzi huu huchukua dakika chache, na ni nafuu kuliko kupakua gigabaiti kadhaa mara ya pili.

Hatua ya 2: Linganisha toleo na prosesa

Ujumbe unaosema "This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU" hauna dawa ya mipangilio. Prosesa hiyo ni ya biti 32 na toleo ulilochukua ni la biti 64, hivyo inabidi ubadilishe toleo. Kati ya matoleo ya Linux, Debian 12 bado ina kisakinishi cha biti 32, ilhali Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena. antiX 23 nayo ina toleo la biti 32, na ndiyo ninayoipendelea kwa mashine zenye RAM ndogo.

Hatua ya 3: BIOS na betri yake

Hapa ndipo palipo na matatizo mengi kuliko mafundi wengi wanavyodhani. Mashine zilizotengenezwa wakati UEFI ilipokuwa ikiingia sokoni zinaweza kubuti kwa njia mbili, yaani Legacy (ya BIOS ya zamani) na UEFI (mrithi wa BIOS), na mfumo uliosakinishwa kwa njia moja kwa kawaida hautabuti kwa nyingine. Chagua njia moja tangu mwanzo, uandike flashi kwa njia hiyo hiyo, kisha usiibadilishe. Kama toleo lako halikubaliwi na Secure Boot, yaani ulinzi wa UEFI unaozuia mifumo isiyo na saini inayotambulika, izime.

Halafu tazama saa ya BIOS. Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, betri ya CMOS, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS, imekwisha, na kila umeme unapokatika mipangilio yote hurudi ilivyotoka kiwandani. Ndiyo maana kompyuta iliyobuti vizuri jana jioni inaweza kuamka leo ikidai haina mfumo: njia ya Legacy uliyoichagua imefutika. Betri hiyo kwa kawaida ni CR2032 ya volti 3. Ibadilishe kabla ya kusakinisha, kwa sababu tarehe isiyo sahihi pia hufanya apt, programu ya Debian na jamaa zake ya kusakinisha programu, ikatae kupakua masasisho.

Hatua ya 4: Skrini nyeusi baada ya menyu

Menyu ya GRUB ikionekana kisha skrini ikawa nyeusi, shuku kadi ya picha. Rudi kwenye menyu, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, nenda mwisho wake, acha nafasi na uandike nomodeset (huizuia kerneli kubadilisha hali ya skrini yenyewe), kisha bonyeza F10. Ikifaulu, baada ya kusakinisha liongeze neno hilo katika faili ya /etc/default/grub kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT na uendeshe sudo update-grub.

Hatua ya 5: "grub rescue>"

Maneno haya huwatisha watu, lakini kwa kawaida mafaili yako bado yapo. GRUB imeanza, ila haioni folda yake. Andika ls, nayo itataja diski na patisheni zake. Jaribu moja baada ya nyingine, kwa mfano ls (hd0,msdos1)/boot/grub, hadi upate inayoorodhesha mafaili. Ikiwa ni hiyo, andika mistari hii minne, ukibonyeza Enter kila mmoja:

set root=(hd0,msdos1)
set prefix=(hd0,msdos1)/boot/grub
insmod normal
normal

Mfumo ukishafunguka, endesha lsblk, amri inayoorodhesha diski, na usome ukubwa wa kila diski kwa makini. Wakati wa kusakinisha, flashi huweza kuitwa sda na diski ya ndani sdb, na hapo GRUB huandikwa kwenye flashi. Ukiichomoa, kompyuta haibuti. Kwa mashine ya Legacy, endesha sudo grub-install /dev/sda, ukiweka jina la diski ya ndani kama lsblk ilivyoonyesha, kisha sudo update-grub.

Hatua ya 6: Ukiishia kwenye initramfs

initramfs ni mfumo mdogo wa muda, na kuishia hapo maana yake kerneli imeanza lakini haijaweza kufungua patisheni ya mfumo. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), umeme ukikatika ikiwa inaandika kwenye diski, hufikia hapa mara kwa mara. Andika fsck -y /dev/sda1, amri ya kukagua na kurekebisha patisheni, ukiweka jina la patisheni yako, subiri imalize, kisha andika exit. Ikiwa ujumbe unasema UUID fulani (namba ya utambulisho wa patisheni) haipo, zima kompyuta, ichomoe ukutani na ukaze kebo ya SATA pande zote mbili. Tatizo likijirudia siku chache baadaye, diski inakufa. Okoa mafaili kwanza.

Hatua ya 7: Makosa yanayobadilika kila mara

Kila jaribio likileta kosa jipya, pima RAM kwa programu ya Memtest86+. Ikionyesha makosa, chomoa vipande vya RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, futa mabaki kwa kitambaa kikavu, uvirudishe hadi vibanio vya pembeni vifunge vyenyewe. Kisha pima kipande kimoja kimoja ili umjue mkosaji.

Kabla ya kumkabidhi mwenyewe kompyuta yake, toa flashi, izime na uichomoe ukutani kwa usiku mzima, kisha uiwashe bila kugusa kibodi. Isipofika kwenye ukurasa wa kuingia, rudi hatua ya 3.