Turubai la kibarazani bila kutoboa ukuta

Kwenye mizigo, yaani vyumba vya kupanga vya Kampala, mwenye nyumba hataki misumari ukutani. Jaza zege ndoo 4 za lita 20. Kila moja itafika kilo 45 hivi. Kabla halijakauka, simika katikati kipande cha bomba la plastiki ili nguzo ichomekwe na kuchomolewa siku ya kuhama.

Nguzo za nyuma zizidi za mbele kwa sentimita 60 kwa turubai la mita 3. Wengi hupuuza mteremko, kumbe maji yakituama sentimita 5 tu kwenye mita moja ya mraba ni kilo 50, na pete za kingo za turubai huchanika. Lifunge turubai kwenye nguzo kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, si kamba ngumu: hunyumbuka upepo ukivuta. Dhoruba ikinyemelea, likunje.