Kubadilisha mfuko wa kolostomi: kazi kubwa iko kwenye tundu

Mgonjwa aliyekatwa sehemu ya utumbo mpana, iwe kwa saratani au kwa utumbo kujisokota, mara nyingi hurudi wodini akiwa na stoma: mdomo wa utumbo uliotolewa nje ya tumbo, choo kikipitia hapo. Stoma ya utumbo mpana ndiyo huitwa kolostomi. Mwongozo huu ni wa nesi wa wodini na wa ndugu atakayemuuguza nyumbani.

1. Chagua saa. Asubuhi kabla ya chai ni bora, utumbo ukiwa umetulia. Mfuko usiovuja hukaa siku 3 hadi 5. Kuumwaga ni jambo jingine: mwaga ukifika theluthi au nusu, kwani ukijaa uzito wake hubandua gundi. Ukivuja, badilisha saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Kuongeza plasta juu ni kukifungia kinyesi kwenye ngozi.

2. Andaa kila kitu. Maji ya uvuguvugu, chachi au kitambaa laini, glavu, mkasi, kalamu, mfuko mpya na mfuko wa taka. Vuta pazia. Na uso wako uulinde: ukiukunja mara moja tu kwa harufu, mzee ataanza kula nusu sahani ili asipate choo.

3. Bandua kuanzia juu kwenda chini, mkono mmoja ukikandamiza ngozi. Usinyofoe.

4. Osha kwa maji matupu. Sabuni yenye mafuta huzuia gundi kushika, na spiriti huunguza ngozi. Kausha kwa kugusagusa. Vitone vichache vya damu visikutishe. Mweleze mgonjwa pia kwamba stoma yenyewe haisikii maumivu ikiguswa; wengi huogopa kuiosha wakidhani itauma.

5. Itazame. Iwe nyekundu na yenye unyevu, kama ndani ya shavu. Ikiwa zambarau iliyoiva au nyeusi, damu haifiki: mwite daktari sasa hivi. Fanya hivyo pia choo na hewa vikikoma huku tumbo likijaa na mgonjwa akitapika.

6. Pima, kisha ukate. Hapa ndipo ngozi hupona au huharibika. Tundu la mfuko liizidi stoma kwa milimita 2 hadi 3 tu. Likibana, litaikata stoma. Likiwa kubwa, kinyesi hulowesha ngozi iliyo wazi, ngozi huchubuka na kutoa maji, gundi hukataa kushika, mfuko unavuja tena. Baada ya upasuaji stoma huwa imevimba, nayo hupungua kwa wiki 6 hadi 8, kwa hiyo kipimo cha wiki ya kwanza usikitumie wiki ya nne. Weka plastiki safi inayoonyesha juu ya stoma, fuata ukingo kwa kalamu, ukate. Kabla ya kuchora kwenye karatasi ya nyuma ya mfuko, igeuze plastiki hiyo. Stoma nyingi si duara kamili, na usipogeuza, upande wa kushoto utakaa kulia. Ukishakata tundu, pitisha kidole ukingoni kuondoa makali.

7. Bandika kuanzia chini kwenda juu, ngozi ikiwa imenyooka, ukikandamiza kwanza karibu na stoma. Weka kiganja juu yake dakika chache. Joto hulainisha gundi. Na mdomo wa chini wa mfuko uwe umefungwa! Tunausahau kuliko tunavyokiri.

Mifuko ya gundi ikikosekana, wengi hutumia vitambaa. Basi paka krimu ya zinki kukinga ngozi, lakini usiipake chini ya mfuko wa gundi, hautashika.

Maharage, kabichi na soda huongeza gesi. Apunguze, simpigi marufuku. Mwenye ileostomi, yaani stoma ya utumbo mwembamba, ni habari nyingine: choo chake ni majimaji, hupoteza maji na chumvi upesi, na kikizidi anahitaji ORS (dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) na kuonwa na daktari.

Kabla ya kumruhusu mgonjwa, mpe mkasi akate mwenyewe, wewe na ndugu yake mkiangalia.