Jinsi ya Kuunda Bodi ya Wadhamini ya Taasisi ya Hisani ya Afya

Taasisi nyingi za hisani zinazojishughulisha na afya huanzia msibani au wodini. Mama amefia njiani kwa kukosa usafiri wa kumfikisha hospitali ya wilaya, au mtoto amekaa miezi akisubiri upasuaji, na ndugu mmoja mwenye uwezo na uchungu anaamua kwamba jambo hilo lisimpate mwingine. Shida huanza usiku anapoketi kuandika majina ya wadhamini: anamwandika mkewe, kaka yake, shehe au mchungaji wake, rafiki aliyesoma naye na mheshimiwa mmoja wa jimboni, na kabla ya saa tano orodha imekamilika. Nimekuwa katibu wa vikao vya taasisi ya namna hiyo kwa miaka kadhaa, na karibu kila mgogoro uliofika mezani kwetu ulikuwa umekwisha kupandwa katika orodha ile ya usiku wa kwanza.

Mwongozo huu unamhusu anayeunda bodi nchini Tanzania. Msomaji wa Kenya anaweza kuutumia katika kuchagua watu na kuendesha vikao, ila kwa usajili atafuata Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ambayo ilipitishwa mwaka 2013 lakini ikaanza kutumika Mei 2024.

Tenganisha viti kabla ya kutaja majina

Chukua karatasi na uandike viti vinne: mwanzilishi, mlezi, wadhamini na mkurugenzi mtendaji. Mwanzilishi ndiye aliyeleta wazo, na pengine fedha za kwanza. Mlezi ni mtu wa heshima ambaye jina lake hufungua milango, lakini hapigi kura wala hatii saini. Wadhamini ndio wanaoshika mali ya taasisi kisheria. Wakishasajiliwa huwa chombo kimoja kinachoweza kumiliki ardhi, kushtaki na kushtakiwa, na ambacho hakifi kwa sababu mmoja wao amefariki. Mkurugenzi mtendaji ni mwajiriwa wa bodi, naye huendesha kazi za kila siku na kuitolea bodi taarifa.

Mtu mmoja akikalia viti vitatu, hata akiwa mwaminifu kuliko wote, taasisi inakuwa na afya ileile aliyo nayo yeye. Kwetu mwanzilishi alikuwa mwenyekiti, mkurugenzi na mtia saini pekee wa akaunti ya benki. Alipolazwa kwa wiki sita, gari la wagonjwa lilisimama bila mafuta ilhali fedha zilikuwamo benki, na hakuna aliyethubutu kwenda kumwomba saini mtu aliyetundikiwa dripu.

Mfano wa upande wa pili uko wazi kwa kila mtu. Taasisi ya Benjamin Mkapa ilianzishwa mwaka 2006, muda mfupi baada ya rais huyo wa awamu ya tatu kuondoka madarakani, na ikajulikana kwa kupeleka watumishi wa afya katika wilaya ambazo wengi wao hawakupenda kupangiwa. Mzee Mkapa alifariki Julai 2020, na taasisi ikaendelea na kazi. Jina lilikuwa lake, lakini bodi na watendaji walikuwapo, kila mmoja mahali pake.

Wachague kwa swali watakalouliza

Bodi ya watu watano au saba inatosha kwa taasisi changa, na idadi isiyogawanyika kwa mbili huzuia kura kufungana. Ukivuka tisa, utatumia muda mwingi kutafuta akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kikao kuwa halali, kuliko kufanya maamuzi. Unapopima jina, usianze na cheo chake. Jiulize ni swali gani mtu huyo ataliuliza kikaoni ambalo wengine watalisahau au wataona haya kuliuliza.

Wa kwanza ni mtaalamu wa afya anayeufahamu mfumo wa halmashauri kwa vitendo. Daktari bingwa aliyetumia maisha yake yote katika hospitali ya taifa ni hazina, lakini huenda hajui zahanati ya kijijini inapataje dawa zake, wala kwamba hakuna mradi utakaodumu wilayani bila Mganga Mkuu wa Wilaya kuujua tangu mwanzo. Muuguzi mstaafu aliyesimamia kituo cha afya anaweza kukufaa zaidi. Ikiwa taasisi itapokea dawa au vifaa kutoka nje, tafuta pia mfamasia. Misaada ya dawa imezitia aibu taasisi nyingi zenye nia njema, kwa sababu mtu aliye ughaibuni hukusanya masanduku ya dawa zilizobakiza miezi mitatu kuisha muda, zenye maelezo katika lugha isiyosomeka huku, kisha hushangaa mzigo ukikwama bandarini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe zimebakiza angalau mwaka 1 zinapowasili, na hapa nchini uingizaji wake unahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mfamasia aliye kwenye bodi atalisema hilo kabla mzigo haujapakiwa.

Wa pili ni mhasibu, na ninasisitiza awe mtu asiye na udugu na mwanzilishi. Kazi yake si kutunza vitabu, kwa kuwa hiyo ni ya mhasibu mwajiriwa. Kazi yake ni kuzisoma taarifa za fedha na kuuliza kwa nini mafuta ya mwezi huu ni mara mbili ya mwezi uliopita wakati safari ni zilezile. Mwanasheria ni wa tatu, na huyu hahitaji maelezo mengi: mikataba, ajira na viwanja vitamfikia bila kuitwa.

Wa nne ndiye anayeachwa mara nyingi, nami ningemweka wa kwanza kama ningeanza upya. Ni mtu anayetoka katika jamii inayohudumiwa, na ikiwezekana aliyeugua au kumuuguza mgonjwa wa tatizo lenyewe. Fikiria fistula, jeraha la uzazi linalomfanya mwanamke avujwe na mkojo au haja kubwa bila kujizuia. Hospitali ya CCBRT, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1994 jijini Dar es Salaam, iliona kwamba kufanya matibabu kuwa bure hakukutosha, kwa kuwa mwanamke aliye mkoani hakuwa na nauli ya kuyafikia. Ndipo nauli zikaanza kutumwa kwa M-Pesa kupitia watu wa huko huko waliowatambua wagonjwa. Daktari anaona upasuaji na mhasibu anaona gharama, lakini anayejua kwamba kizuizi ni tiketi ya basi, au mume anayeuliza mkewe anakwenda wapi, ni yule aliyewahi kukaa stendi na bahasha ya rufaa mkononi. Mtu huyo asiwekwe kama pambo. Makabrasha yaandikwe kwa Kiswahili, nauli yake irudishwe siku hiyohiyo, na mwenyekiti amuulize maoni yake kabla ya wenye shahada kuzungumza, maana wakishasema wao, yeye atasema tu kwamba anaunga mkono hoja.

Kuhusu ndugu wa mwanzilishi, wasizidi wawili katika bodi ya watu saba, na wasiwe pamoja kwenye orodha ya watia saini. Mheshimiwa wa jimboni mfanye mlezi na umshukuru. Akiingia kwenye bodi, kila mgawo wa vyandarua utasomwa kama kampeni, hata kama hakuhusika nao.

Kabla ya kumpa mtu barua ya uteuzi, mwalike aketi kama mgeni katika kikao kimoja, kisha umwombe aeleze kwa maneno yake ni mara ngapi kwa mwaka atakuja na lini hawezi. Anayejibu kwamba mtawasiliana tu, ameshakujibu.

Katiba na usajili

Katiba nyingi hunakiliwa kutoka taasisi nyingine, na vifungu vinavyopotea katika kunakili ni vilevile: muda wa uongozi, akidi, mgongano wa maslahi na namna ya kumwondoa mdhamini. Andika kwamba mdhamini atakaa miaka mitatu na anaweza kuteuliwa tena mara moja tu, na panga awamu ili wote wasiondoke mwaka mmoja. Andika kwamba mjumbe mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa, kwa mfano mwenye duka la dawa linaloomba zabuni, atayatamka maslahi yake, atatoka nje ya chumba na jambo hilo litaandikwa katika muhtasari. Kutoka nje ya chumba kuna maana yake. Anayebaki amenyamaza bado anasikika. Andika pia kwamba anayekosa vikao vitatu mfululizo bila taarifa amejiuzulu. Kifungu hicho kitakuepusha na aibu ya kumfukuza mtu mzima.

Usajili wenyewe ni kazi ya makaratasi. Wadhamini husajiliwa chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, katika ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, yaani RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Shirika lisilo la kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, kwa msajili aliye chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, na linaweza kuombewa usajili wa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Tangu marekebisho ya mwaka 2019 cheti chake hudumu miaka 10, kisha huhuishwa. Waone maofisa wa pande zote mbili mkiwa na rasimu ya katiba mkononi kabla ya kulipia chochote, kwa sababu aina ya usajili inategemea mnachokusudia kufanya na mnakokusudia kukifanyia.

Fedha, posho na vikao

Akaunti ya benki iwe na watia saini wa makundi mawili, kundi la bodi na kundi la watendaji, na kila malipo yahitaji saini moja kutoka kila kundi. Mkaguzi wa hesabu wa nje ateuliwe na bodi, na angalau mara moja kwa mwaka azungumze nayo mkurugenzi akiwa nje.

Posho ni jambo la kuzungumza mapema na kwa uwazi, kwa kuwa desturi yetu ya vikao anaijua kila mtu na hakuna anayependa kuitaja. Udhamini ni kazi ya kujitolea. Rudisheni nauli na malazi kwa stakabadhi, wekeni chakula cha mchana, na kama mnaamua kulipa posho ya kikao, iandikwe kiwango chake kwenye kanuni na ionekane kwenye taarifa ya mwaka. Nimeona bodi iliyokutana mara 11 katika mwaka ambao mradi wake wa kliniki tembezi ulitoka mara nne.

Vikao vinne kwa mwaka vinatosha, na cha dharura kikihitajika. Kabrasha liwafikie wajumbe siku saba kabla. Ajenda ya fedha iwe ya pili, mara baada ya kuthibitisha muhtasari, na si ya mwisho wakati watu wanaangalia saa. Kikao kimoja kati ya vinne kifanyike mahali pa mradi: wadhamini wakae kwenye benchi la zahanati pamoja na wagonjwa, waione foleni, kisha wamsikilize mganga mfawidhi. Nje ya vikao, mwenyekiti azungumze na mkurugenzi pekee. Mdhamini anayempigia dereva simu kumwelekeza aende wapi amejifanya mkurugenzi wa pili, na wafanyakazi watamtii mwenye sauti kubwa zaidi.

Bodi pia ndiyo inayojibu kuhusu siri za wagonjwa. Picha ya mtoto mwenye mguu kifundo huleta michango haraka, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Weka utaratibu wa ridhaa ya maandishi, na mzazi aelezwe kwamba akikataa picha matibabu hayatabadilika.

Mdhamini anapoondoka

Muhula ukiisha, makabidhiano yafanywe kwa orodha: nyaraka za kiwanja, kadi za magari, nywila za barua pepe, lakiri ya taasisi na vitabu vya hundi. Muhtasari wa uteuzi wa mrithi upelekwe kwa Kabidhi Wasii Mkuu, kisha nakala iliyopokewa ipelekwe benki ili jina la zamani liondolewe kwenye watia saini. Fanya hivyo hata kama anayeondoka ni mwanzilishi mwenyewe, na hasa akiwa ni yeye. Mpe kiti cha mlezi ikiwa anakitaka, lakini funguo za kabati lenye lakiri zibaki kwa katibu siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha kumuaga.