Kufunga Kundi la Wapenzi wa Taarab Bila Kupoteza Nyimbo Zake

Tangazo la kufunga kundi la WhatsApp la taarab likishatoka, watu hawangoji. Siku hiyohiyo wanaanza kujitoa, na wa kwanza mara nyingi ni wazee waliokuwa kimya. Wazee hao ndio wenye kaseti za harusi za mitaa ya Mombasa kama Bondeni na Kibokoni, na ndio wanaojua shairi fulani ni la malenga gani na nani alipiga udi usiku ule. Wakishaondoka, hamna tena mahali pa kuwauliza. Kwa hiyo kazi ya kufunga huanza kabla ya tangazo, na ina mpango mmoja usiobadilika: hifadhi kwanza, buriani baadaye.

Maelezo haya ni ya maadmini wa kundi la WhatsApp la mashabiki wa taarab ya Mombasa, wapenzi wa Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh, Malika au Maulidi Juma, lililodumu miaka mingi na sasa linafungwa kwa sababu yoyote ile. Tengeni wiki nane: nne za kukusanya, nne za kuaga.

Wiki ya kwanza, kagueni mpangilio wa kundi kabla ya kugusa kitu kingine. Ikiwa ujumbe umewekewa kujifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, zimeni mpangilio huo leo hii. Makundi mengi huuwasha ili kupunguza mzigo wa simu kisha yakasahau, na kila siku inayopita inakula kumbukumbu. Hakikisheni pia maadmini ni watatu au zaidi, na kila mmoja laini yake iko hai. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na admini aliyepoteza simu miezi sita iliyopita si admini tena kwa vitendo.

Kisha mchagueni wa kutoa nakala ya mazungumzo. Asiwe mjuzi wa kompyuta kwa sababu ya ujuzi wake tu. Awe mwanachama wa siku nyingi kuliko wote ambaye kila alipobadilisha simu alirudisha mazungumzo yake. WhatsApp humwonyesha mtu ujumbe wa tangu alipojiunga, basi aliyeingia mwaka 2021 hana cha 2016. Kwenye Android, fungua kundi, bonyeza nukta tatu juu kulia, ingia sehemu ya mambo zaidi, chagua kuhamisha mazungumzo. Utaulizwa kama unataka picha na sauti zifuatane nayo.

Hapa wengi hukwama. Ukichukua pamoja na picha na sauti, unapata kama ujumbe 10,000 wa mwisho tu. Bila hizo, kama 40,000. Kundi lenye watu 300 wanaosalimiana kila asubuhi hujaza idadi hiyo upesi mno. Fanyeni zote mbili, halafu ya zamani zaidi yatafuteni kwa mkono: ndani ya kundi tafuteni maneno kama “mtunzi”, “kaseti”, “ilipigwa”, “harusi ya”, “sauti ya nani”, na majina ya waimbaji. Kila mjadala uliotambua wimbo unakiliwe kwenye faili moja la maandishi pamoja na tarehe yake. Kazi hii huchukua jioni nne au tano. Msiiruke, kwa sababu wimbo usio na jina la mtunzi ni nusu ya wimbo.

Sauti zenyewe ziko kwenye simu, katika folda ya Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media. Zinakilini kwa waya hadi kwenye kompyuta. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, folda hiyo ina vitu vya mazungumzo yote ya mwenye simu, zikiwamo picha za familia yake, kwa hiyo achambue yeye mwenyewe kabla ya kumkabidhi mtu. Pili, jina la faili halisemi lolote la maana. Ujumbe wa sauti huitwa kitu kama PTT-20190314-WA0007.opus: ni tarehe na namba tu. Aliyeutuma mtamjua kwa kulitafuta jina hilo ndani ya nakala ya maandishi iliyotolewa pamoja na sauti. Ikiwa kompyuta haifungui faili za opus, programu ya VLC huzifungua.

Mwanachama ambaye hakupakua sauti ya zamani wakati wake asitegemewe. Faili hukaa kwenye mitambo ya WhatsApp kwa muda mfupi, kisha simu humwambia amwombe aliyetuma atume tena. Ndiyo maana wazee wapigiwe simu. Orodhesheni watu kumi mnaojua wana kaseti, mwagizeni mtu wanayemheshimu awapigie, na aseme wazi: kundi litafungwa, tunaomba kaseti zako kwa siku tatu, tuzinakili, tuzirudishe. Ujumbe wa kuandika hautoshi kwa jambo hili.

Kaseti zikija, ziandikeni kwanza: nani kaleta, tarehe, ngapi. Kabla ya kucheza kila tano, pangusa kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti safi ya asilimia 90 au zaidi. Hewa ya pwani huotesha ukungu kwenye utepe, na kaseti moja yenye ukungu huchafua kichwa na kuharibu sauti ya zote zinazofuata. Ukiona vumbi jeupe kwenye utepe, iweke kando usiicheze. Unganisha tundu la sauti la redio na tundu la kuingizia sauti la kompyuta, rekodi kwa programu ya Audacity kwa 44,100 Hz na biti 16, na chunga kipimo cha sauti kisigonge mwisho mwekundu. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haitengenezeki. Usiondoe mvumo kwa programu kwenye nakala kuu, kwani ukiondoa mvumo unaondoa na zumari.

Hesabu ya nafasi ni hii. Faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, huchukua takriban MB 10.6 kwa dakika likiwa la stereo, kwa hiyo kaseti ya dakika 60 ni kama MB 635, na kaseti 100 ni karibu GB 64. Nakala iliyobanwa ya MP3 ya kbps 192 ni kama MB 86 kwa kaseti hiyohiyo, yaani GB 8.6 kwa mia. WAV zikae kwenye diski mbili za nje, nyumba mbili tofauti, moja kisiwani Mombasa na moja ng'ambo, tuseme Kisauni au Likoni, ndani ya kopo lenye pakiti za kufyonza unyevu na mbali na ukuta wa mawe ya matumbawe. MP3 zinaenea kwenye GB 15 za bure za Google, ila kuna shimo hapa: Google hufuta akaunti iliyokaa miaka 2 bila kutumiwa, na akaunti ya kundi lililofungwa ndiyo hasa isiyotumiwa. Mteueni mtu kwa jina wa kuiingia kila Januari, na wa pili wa kumkumbusha.

Anayedhani kampuni itamtunzia akumbuke Yahoo. Makundi yake ya mijadala, Yahoo Groups, yalikusanya miaka mingi ya mazungumzo. Desemba 2019 yaliyomo yakaanza kuondolewa, na tarehe 15 Desemba 2020 huduma yote ikafungwa. Waliobaki na kitu ni wale waliokuwa wamenakili.

Orodha ya nyimbo iwe jedwali lenye safu nane: mwimbaji, wimbo, mtunzi wa shairi, wapigaji, mahali, mwaka, mwenye kaseti, namba ya faili. Msichojua kiachwe wazi au kiandikwe “haijulikani”. Kubahatisha mwaka ni dhambi kubwa kuliko kuuacha, kwa kuwa anayefuata ataunukuu. Safu ya mtunzi isidharauliwe. Nyingi za nyimbo alizoimba Juma Bhalo ni mashairi ya Ahmad Nassir, na kumtaja mwimbaji peke yake ni kumnyima malenga haki yake.

Haki yenyewe ni ya kisheria pia. Nchini Kenya, shairi na muziki hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Zein l'Abdin alifariki 2016, hivyo muziki alioutunga mwenyewe unalindwa hadi mwisho wa 2066. Hifadhi yenu basi iwe ya kusikiliza na kusoma kwa wanaoomba, na kitu kisipandishwe hadharani bila idhini ya familia. Kama mnataka taasisi ipokee nakala, waandikieni mapema Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wasimamizi wa Fort Jesus, mkiambatanisha lile jedwali. Jedwali ndilo litakalofanya barua yenu isomwe.

Video za harusi ni jambo la peke yake, na hapa tunaomba ukali. Katika kila kundi la taarab kuna vipande vilivyopigwa upande wa wanawake, ukumbini, watu wamevua mabuibui wakitunza. Waliokuwemo walicheza wakijua wanaume hawamo. Hata kama kipande kilizunguka miaka kumi, hakiingii kwenye hifadhi. Toeni sauti yake kwa Audacity ikiwa wimbo wenyewe ni adimu, mrudishieni mwenye harusi video, kisha futeni nakala zenu zote. Namba za simu nazo ziondolewe kwenye maandishi: fungueni faili kwa programu ya kuandikia, tafuteni “+254”, na badala ya kila namba wekeni herufi za mwanzo za jina. Fanyeni hivyo hata kwa namba za Oman, Dubai na Uingereza, ambazo utafutaji huo hautaziona.

Fedha ni fupi lakini isichelewe. Mweka hazina atoe taarifa ya M-Pesa kupitia *334#, afiche namba za watu, aiweke kundini pamoja na salio. Salio dogo linunue diski. Likiwa kubwa, wanachama waamue kwa kura ya siku saba kati ya kugawana na kumpa msanii mzee aliye hai. Michango isiyolipwa isamehewe kwa tamko moja la wazi, ili asiwepo anayeondoka na deni moyoni.

Baada ya yote hayo, ndipo tangazo. Litoke mwanzoni mwa mwezi, ili mwisho wa mwezi uwe ndani ya muda, watu wakiwa na mshahara na bando la kupakulia. Epukeni Ramadhani. Liandikwe fupi, kwa mfano:

“Assalaam alaykum na hamjambo nyote. Kundi letu litafungwa tarehe __ saa 3 usiku. Sababu ni __. Nyimbo __ na orodha yake zimehifadhiwa. Anayetaka nakala awasiliane na __ kabla ya tarehe __. Hesabu ya fedha iko hapa chini. Video za kifamilia zimefutwa. Kwa yeyote tuliyemkosea kwa neno, kwa kumtoa au kwa kumnyamazisha, tunaomba radhi, nasi tumewasamehe nyote.”

Sababu isemwe ilivyo. “Mambo yamebadilika” huzaa uvumi, na ndani ya saa moja watakuwepo wanaodai kuna ugomvi wa fedha. Ile sentensi ya radhi msiikate. Buriani kwa asili yake ni kutakana msamaha, na waliowahi kufukuzwa kundini watumiwe tangazo hilohilo faraghani.

Usiku wa mwisho, saa 3 inafaa: Isha imeshapita na watu wamekula. Jeddah ni saa 3 vilevile, Muscat na Dubai saa 4, London saa 12 jioni wakati wa baridi au saa 1 usiku wakati wa joto. Simu ya pamoja ya WhatsApp haipokei zaidi ya watu 32, basi msiitegemee. Fungeni kundi ili maadmini pekee waandike, lifungueni saa 3 kamili, na mpokee mashairi ya sauti, beti zisizozidi tatu kwa mtu. Bila kikomo hicho malenga mmoja atachukua nusu saa na wengine watalala. Walio mjini wakikutana barazani kwa kahawa chungu na kaimati, mmoja awe na simu ya kurekodi na ndiyo iwe kazi yake pekee. Mfululizo huo nao uingie kwenye hifadhi, kwa hiyo nakala ya mwisho itolewe kesho yake asubuhi.

Saa 6 usiku, rudisheni mpangilio wa maadmini pekee na badilisheni kiungo cha kujiunga, ili cha zamani kife. Acheni kundi likiwa limefungwa hivyo siku 60 kwa waliochelewa. Hatari inakuja baadaye: admini wa pekee akijitoa huku watu wamo, WhatsApp humpandisha mwanachama yeyote kuwa admini, na kundi la taarab hugeuka soko la matapeli likiwa na jina lenu. Kwa hiyo baada ya siku 60 watoeni watu mmojammoja, kwa zamu, hamsini kila jioni, na muwaambie mapema kwamba mazungumzo yatabaki kwenye simu zao. Maadmini wajitoe mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho aangalie hesabu ya wanachama inasoma mmoja, yaani yeye peke yake, ndipo abonyeze kutoka, kisha afute.