Ubavu unauma, jiwe halionekani: namna ya kuukagua mshipa wa figo

Mtu akifika kituo cha afya ameshika ubavu, wazo la kwanza ni mawe ya figo, la pili ni UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), na mara nyingi ndivyo ilivyo. Kuna siku, hata hivyo, mkojo hauna usaha, ultrasaundi haioni jiwe, na mgonjwa bado anagugumia. Siku hiyo ukague ateri ya figo, yaani mshipa unaoipelekea figo damu, na usisubiri kesho. Figo iliyokatiwa damu kabisa huanza kufa ndani ya saa moja au mbili. Ateri ikishaingia ndani ya figo hugawanyika kuwa matawi yasiyoazimana damu, kwa hiyo tawi likizibwa, sehemu lililokuwa linailisha haina pa kukimbilia.

Anza na maumivu yenyewe. Ya jiwe hupanda na kushuka: mgonjwa hatulii, anazunguka chumba, anapata nafuu kidogo, kisha yanarudi na kuteremka hadi kinenani. Mshipa ukiziba, maumivu hushika ghafla kiasi kwamba mwenyewe anaweza kukutajia saa, na yakishashika hayaachii. Kutapika ni kawaida. Homa hafifu hufuata baadaye, mara nyingi siku ya pili, na hiyo ndiyo inayopoteza watu wengi: homa pamoja na ubavu, mgonjwa anapewa sindano za UTI na kurudishwa nyumbani.

Kisha uliza habari za moyo. Aliwahi kuugua homa ya baridi yabisi utotoni? Ameambiwa vali imebana, au moyo umetanuka? Ana vali bandia, na je, ameacha warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) kwa sababu ziliisha? Shika kiganja uhesabu mapigo dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, utayakosa mapigo yasiyo na mpangilio, yale yanayokuja kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Mapigo ya namna hiyo huacha damu igande ndani ya moyo, na bonge likichomoka linaweza kutua kwenye figo. Ukiyasikia, piga ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

Pima presha mikono yote miwili. Maumivu peke yake hupandisha presha, kwa hiyo pima tena nusu saa baada ya dawa ya maumivu. Ikibaki 180/110 kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na presha, shaka inaongezeka.

Maabara, kipimo cha kung'ang'ania ni LDH, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu chembe za mwili zikifa. Kipande cha figo kikifa, LDH hupanda sana huku AST na ALT, vimeng'enya vinavyopimwa kuangalia ini, zikibaki karibu na kawaida. Ila damu iliyochukuliwa vibaya hudanganya: sindano nyembamba, bomba la sindano lililovutwa kwa nguvu au chupa iliyotikiswa hupasua chembe nyekundu, na LDH inapanda bila ugonjwa. Sampuli ikishatulia, maji ya juu yakiwa mekundu, chukua nyingine. Damu kwenye mkojo inaweza kuwepo au isiwepo. Kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja) ikiwa ya kawaida isikutulize, kwa kuwa figo ya pili hubeba mzigo wa mwenzake.

Sasa picha, na hapa ndipo kosa kubwa hutokea. CT ya kutafuta mawe hupigwa bila dawa ya rangi (inayodungwa mshipani ili mishipa ionekane), na bila dawa hiyo kipande kilichokosa damu hufanana na jirani yake mzima. Majibu yanarudi “hakuna jiwe”, faili linafungwa. Kwenye fomu andika wazi: CT ya tumbo na nyonga yenye dawa ya rangi, awamu ya ateri na ya vena, swali ni kuziba au kuchanika kwa ateri ya figo. Weka kanula ya kijani (18) au ya waridi (20) kwenye mshipa wa kiwiko, maana dawa husukumwa mililita 4 hadi 5 kwa sekunde. Kanula ya bluu mgongoni mwa kiganja haihimili kasi hiyo, na awamu ya ateri inatoka hafifu. Kinachotafutwa ni doa jeusi la pembetatu, kitako chake kikiwa ukingoni mwa figo. Dopla, ultrasaundi inayoonyesha damu inavyotembea, inaweza kusaidia, lakini gesi tumboni na mafuta huificha ateri, kwa hiyo Dopla safi haimalizi kesi.

Si kila tatizo ni bonge. Ukuta wa ateri unaweza kuchanika wenyewe, hata kwa mtu wa makamo aliyekuwa mzima. Ajali ya bodaboda huweza kuuvuta hadi upasuke kwa ndani. Ateri iliyovimba kama puto ni hatari zaidi kwa mjamzito. Mishipa midogo ikiwa na uvimbe wa hapa na pale, pima homa ya ini B, kwa kuwa poliateritisi (ugonjwa wa kuvimba kwa kuta za ateri) huweza kuambatana nayo. Na mwenye miaka zaidi ya 50 anayepata “jiwe la kwanza” akiwa amepauka na presha imeshuka, fikiria kwanza aota (ateri kuu ya mwili) iliyopasuka, kabla ya figo.

Kwa maumivu, parasetamoli gramu 1 mshipani na mofini kidogo kidogo. Diklofenaki iache, kwani hubana damu inayoingia kwenye figo ambayo tayari ina kiu. Heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, ni dawa ya bonge, lakini isitangulie CT: aota au puto likiwa limepasuka, heparini inaua. Ateri kuu ya figo ikiwa imeziba yote, mpigie mapema mwenye uwezo wa kuingiza katheta (mrija mwembamba wa kuzibua mshipa), kwani saa chache zinaamua.

Baadaye fanya eko (ultrasaundi) ya moyo. Kama vali ya mitrali imebana kutokana na baridi yabisi, dawa ni warfarin, INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) ikiwa kati ya 2 na 3. Utafiti wa INVICTUS wa 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 wa baridi yabisi ya moyo, ulionyesha waliotumia rivaroxaban, dawa mpya zaidi ya kuzuia damu kuganda, walikufa zaidi kuliko waliotumia dawa za aina ya warfarin. Mchicha na kisamvu haviachwi, ila viliwe kwa kiasi kilekile kila wiki, la sivyo INR inayumba. Presha ikihitaji dawa kama enalapril au losartan, pima kreatinini na potasiamu baada ya wiki 1 hadi 2. Kreatinini ikipanda zaidi ya asilimia 30, simamisha dawa, kisha ichunguze ateri ya figo ya upande wa pili.