Programu Ikisema RAM Ni Mbovu: Hakikisha Hivi Kabla Hujaitupa

Programu ya kupima RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) huandika data, huisoma tena, kisha hulinganisha. Lakini data hiyo haitoki kwenye RAM tu. Inapita kwenye kontrola ya kumbukumbu iliyo ndani ya prosesa, kwenye njia za madabodi na kwenye meno ya sloti, na kote huko inategemea umeme ulio sawa. Ikiharibika popote njiani, kwenye skrini utasomewa kosa la RAM. Ndiyo maana stiki (kipande cha RAM) isiyo na kosa hutupwa na tatizo likabaki palepale.

Hatua ya 1: Anza na programu yenyewe

Memtest86+ na MemTest86 ni programu mbili tofauti zenye majina yanayokaribiana, kwa hiyo jua unatumia ipi na toleo gani. Memtest86+ 5.01 ni ya 2013, kabla DDR4 (kizazi cha RAM kilichotangulia DDR5) haijaenea, wala haijui kuwaka kwa UEFI (programu ya kisasa ya kuwashia mashine, iliyorithi BIOS). Kwenye mashine za leo inaweza kuganda au kutambua vifaa vya mashine kimakosa. Tumia toleo la 6 au la baadaye, na uliandike upya kwenye flashi nyingine kama kuna shaka.

Kuganda si kosa la RAM. Kwenye MemTest86, baadhi ya madabodi hushindwa kuendesha kori (viini vya kazi) zote za prosesa kwa pamoja wakati wa kupima. Rudia kwa kori moja. Ikipita bila kuganda, hujapata ushahidi wowote dhidi ya RAM.

Kipimo cha Windows (mdsched) nacho huanza kwenye kiwango cha kawaida. Bonyeza F1 kinapowaka, uchague Extended. Majibu yakikupita, yako kwenye Event Viewer, sehemu ya System, chini ya chanzo MemoryDiagnostics-Results.

Hatua ya 2: Rudisha mipangilio ya BIOS

Hapa ndipo kesi nyingi huishia. Stiki ya DDR4 iliyoandikwa 3200 au 3600 kwa volti 1.35 mara nyingi haiendi kasi hiyo yenyewe. Inaifikia kupitia wasifu wa XMP (mipangilio ya kasi na volti iliyohifadhiwa kwenye stiki), au EXPO kwa DDR5 za mashine za AMD. Bila wasifu huo, DDR4 hushuka kwenye kasi ya msingi kama 2133 au 2400 kwa volti 1.2, na DDR5 huanzia karibu 4800 kwa volti 1.1. XMP ni aina ya kuongeza kasi kupita kiwango cha msingi, hata kama kuiwasha ni kubonyeza mara moja tu.

Rudisha BIOS (programu ya kuwashia mashine iliyo kwenye madabodi) kwenye mipangilio ya kiwandani. Zima XMP au EXPO, na pia kila ulichobadilisha kwenye kasi au volti ya prosesa. Pima tena.

Makosa yakiisha, stiki inaweza kuwa nzima kabisa. Kilichoshindwa ni kasi ile, kwa prosesa ile, kwenye madabodi ile. Sasisha BIOS, kisha jaribu ngazi moja chini, tuseme kutoka 3600 hadi 3200. Stiki nne huielemea kontrola kuliko mbili, na stiki za pakiti tofauti huweza kugombana hata kama maandishi yake yanafanana.

Hatua ya 3: Safisha na uchomeke upya

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache kumaliza chaji iliyobaki, kisha gusa chuma cha kesi. Futa meno ya dhahabu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Raba ya penseli iache: inakwangua dhahabu na makombo yake huangukia kwenye sloti. Puliza sloti, acha alkoholi ikauke, kisha sukuma stiki hadi ikae sawa pande zote mbili.

Hatua ya 4: Stiki moja, sloti moja

Zipe stiki namba kwa utepe. Weka stiki 1 peke yake kwenye sloti ambayo kitabu cha madabodi kimeelekeza kwa stiki moja, mara nyingi A2. Pima. Kisha stiki 2 kwenye sloti ileile. Baada ya hapo, ile iliyopita ihamishie B2.

Kosa likiifuata stiki, stiki ni mbovu. Likibaki kwenye sloti moja hata ukibadili stiki, chunguza sloti, madabodi au prosesa. Pini iliyopinda kwenye soketi ya prosesa inatosha kuua chaneli (njia ya data kati ya kontrola na RAM) nzima. Kila stiki ikipita peke yake lakini zikiwa pamoja zinafeli, rudi hatua ya 2.

Usijaribu kukisia stiki kwa anwani ya kosa. Stiki mbili zikifanya kazi kwa chaneli mbili, anwani zinazofuatana hugawanywa kati yake.

Hatua ya 5: Soma makosa, usihesabu tu

Makosa 5,000 yanaweza kuwa ya seli moja tu (kijisehemu kinachohifadhi biti moja) iliyopimwa mara nyingi. Angalia kilichotarajiwa na kilichosomwa:

Kilichotarajiwa: FFFFFFFF
Kilichosomwa: FFFFFFEF

Biti ya 4, ukianza kuhesabu na sifuri upande wa kulia, imekwama kwenye sifuri. Anwani ileile na biti ileile zikirudi kila mzunguko, hiyo ni seli iliyokufa. Makosa yakihamahama kila mara, shuku volti, joto, pawa saplai au kontrola kwanza.

Kwenye MemTest86, makosa yakitokea katika jaribio la 13 pekee, usiharakishe kuhukumu. Jaribio hilo linafungua safu zilezile za seli kwa kasi ili kuona kama chaji ya safu za jirani inavuja. Huo ni udhaifu wa chipu nyingi, na matumizi ya kawaida ni nadra kuufikia. Kwa seva bado ni sababu ya kubadili.

Hatua ya 6: Imepita, lakini mashine bado inazima

Mzunguko mmoja hautoshi. Fanya minne au zaidi, usiku kucha. Pima kesi ikiwa imefungwa na mashine ikiwa ya moto, kwa sababu kadi ya grafiki hupumzika wakati wa jaribio na joto la kazi halisi halipo. Kwenye Linux, `memtester` hupima tu sehemu iliyofanikiwa kuishikilia. Seli mbovu iliyo kwenye sehemu inayotumiwa na kerneli (kiini cha mfumo) haitaonekana. Chipu za DDR5 nazo hurekebisha makosa ya biti moja ndani kwa ndani bila kuripoti, hivyo seli inayodhoofika inaweza kujificha.

Ikithibitika stiki ni mbovu, ibadili, kisha kagua diski: data iliyopita kwenye RAM ile huenda iliandikwa ikiwa imeharibika. Kwenye Windows endesha `sfc /scannow`, na nakala za akiba za kipindi kile zifungue uzikague kabla hujafuta za zamani.